Umeme Kwenye Mlango wa Friji

Mume wangu alipigwa na kiharusi akipalilia migomba chini ya nyumba yetu, huku Vudee, mlimani juu ya Same. Hakuna aliyemwona akianguka. Nilimkuta jua limeshapanda, amelala kifudifudi kwenye mfereji mkavu, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umekunjika chini ya kifua. Vijana wa jirani walimbeba kwa machela ya miti hadi barabarani, na kutoka hapo tukateremka naye Same kwa gari la mtu aliyekuwa akipeleka maharage sokoni. Tulikaa hospitali wiki kadhaa. Tuliporudi nyumbani aliweza kukaa kwenye kiti, na kutembea kidogo kwa kuegemea fimbo upande mmoja na mimi upande wa pili. Maneno yalikuwa yamemtoka yote isipokuwa moja. Alibaki na "bado".

Akitaka maji alisema bado. Akishiba alisema bado. Mchungaji alipokuja kumwombea alisema bado, na mchungaji akadhani anakataa maombi, akafunga kitabu chake kwa aibu. Ilinibidi nijifunze kutazama macho na mkono wa kushoto, maana huo ndio uliobaki unasema kitu.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa maneno mengi, na mengi yalikuwa amri. Miaka mingi alifanya kazi ya mashine za maji kwenye mashamba ya mkonge huko tambarare. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi akiwa na harufu ya grisi, akakagua nyumba kama msimamizi anavyokagua shamba: banzi gani limelegea, jembe gani halikusafishwa. Alipoacha kazi akarudi moja kwa moja, alikuja na sanduku la bati la kijani lenye vifaa vyake. Alilifunga kwa kufuli na ufunguo akautundika shingoni. Umeme ulipofika kijijini, wenzetu walitafuta mafundi. Yeye alitandaza waya za nyumba yetu kwa mkono wake mwenyewe, na watu walikuja kuziangalia jinsi zilivyonyooka ukutani.

Friji alikuja nayo kutoka huko huko kwenye mkonge. Ilikuwa kuukuu, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa yaliyolala, lakini ilikuwa ya kwanza upande wetu wa mlima. Zamani tuliweka humo maziwa na nyama ya sikukuu. Baada ya kiharusi iliwekwa insulini, kwa sababu hospitalini waligundua kuwa sukari ndiyo iliyokuwa imemla muda wote huo bila sisi kujua. Muuguzi wa zahanati alinifundisha kumchoma sindano tumboni, akaniambia, "Mama, hii dawa ikipata joto ni sawa na kumchoma maji. Iangalie kama unavyoangalia mtoto mchanga."

Kwa hiyo asubuhi niliyofungua mlango wa friji nikakuta giza na maji yametuama chini, nilikwenda kwanza kujaribu swichi za taa. Taa za nyumba zilikuwa zinawaka. Nilichomoa plagi nikachomeka tena. Niligonga ubavuni kama nilivyokuwa nikimwona yeye akifanya. Kimya. Nilizifunga zile chupa kwenye kitambaa kibichi nikakimbia nazo zahanati, wakazipokea kwenye jokofu lao la chanjo, lakini muuguzi alisema wazi kwamba hawezi kukaa nazo muda mrefu, jokofu lile lina sheria zake.

Fundi tuliyemzoea alikuwa amekwenda kufanya kazi Mombo na hakuna aliyejua atarudi lini. Nilimpigia binti yetu, mtoto wetu pekee, anayeishi Babati na mume wake na kushona nguo. Binti huyu alizungumza na mimi tu. Hali ya baba yake hakuiulizia hata baba huyo alipougua, aliniambia tu, "Pole mama kwa kuuguza." Siku hiyo nilipomweleza habari ya friji akasema, "Itupe."

"Nitupe friji, na dawa ya baba yako niiweke wapi?"

"Mimi nimesema tu, mama."

Usiku huo nilimvua mume wangu ufunguo shingoni. Alikuwa macho. Alinitazama nikikata uzi kwa mkasi na hakusema hata lile neno lake. Ndani ya sanduku, chini ya spana na koleo, nilikuta mita yake ya kupimia umeme, ile ya mshale. Nilimkumbuka akiishika, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza. Lakini betri zilikuwa zimevuja ndani yake zikaota ukungu wa kijani, na waya zake zilikatika mpira zilipoguswa. Nilimwonyesha. Akafumba macho.

Nikaamua kununua nyingine.

Siku ya soko niliteremka Same na bodaboda, nikiwa na kitenge changu cha kanisani ili nisionekane mtu wa kudanganywa. Joto la kule chini linakupokea kama mlango wa tanuri. Karibu na stendi kulikuwa na kijana ametandaza turubai lenye chaja, tochi, redio ndogo na mita za rangi ya njano. Nilimwuliza kama zinapima umeme wa nyumbani. Akasema, "Zinapima kila kitu mama, mpaka betri ya gari." Nilichagua ile ambayo kioo chake hakikuwa na mikwaruzo. Hicho ndicho kipimo nilichokuwa nacho: mikwaruzo. Sikujua kitu kingine cha kuuliza.

Nyumbani nilimweka mume wangu kwenye kiti mlangoni pa jikoni ili aone. Mita ilikuwa na matundu matatu kwa chini, na waya mbili, nyeusi na nyekundu, kila moja ina ncha ya chuma kama sindano ya kushonea magunia. Ile nyeusi niliichomeka kwenye tundu la pembeni. Nyekundu niliichomeka kwenye tundu la upande wa pili, kwa sababu matundu mawili ya pembeni yalionekana kama jozi, na lile la katikati nikaliona la ziada. Nikazungusha kitufe hadi nilipoona namba kubwa.

Mume wangu alianza kusema. "Bado. Bado, bado." Alipiga mkono wa kushoto kwenye kiti. Uso ulimwiva.

Miaka yote nilikuwa nimesikia sauti ile. Ndiyo sauti aliyotumia nilipowasha redio yake, niliposogeza ngazi yake, nilipokaza msumari kwa mawe badala ya nyundo. Nikamwambia, "Safari hii utaniacha nifanye," nikampa mgongo. Nikaingiza zile ncha mbili kwenye soketi.

Ulikuwa mwanga wa bluu na mlio kama wa bunduki ya kufukuzia nyani. Nilijikuta nimekaa sakafuni. Ncha moja ilikuwa imeyeyuka, mita inatoa moshi, nyumba nzima haina taa, na vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia vimebabuka. Mume wangu alikuwa ameanguka kutoka kwenye kiti akijaribu kunifikia. Tulikaa hapo chini wote wawili kwa muda. Alikuwa analia, na mate yanamtoka upande ule mdomo ulipolegea. Nilimfuta kwa upindo wa kanga. Ndipo nilipoelewa kuwa hakuwa ananikaripia. Alikuwa ameliona tundu.

Jirani alikuja akainua swichi kubwa, taa zikarudi. Vidole vilipona lakini kimoja hakinyooki vizuri mpaka leo. Nilipoweza kushika kitu niliteremka tena Same, na safari hii sikwenda kwenye turubai. Nilikwenda duka la vifaa vya umeme lililo mtaa wa nyuma ya msikiti. Mwenyewe ni mzee mwenye kofia ya kitambaa cheupe, na baba yake na babu yake waliuza vitu hapo hapo.

"Shikamoo baba," nilimsalimu.

"Marahaba. Nini hicho mkononi?"

Nilimweleza yote, na mita iliyoungua nikaitoa kwenye mfuko nikaiweka mezani. Aliigeuza, akanusa, akatikisa kichwa.

"Hili tundu uliloweka nyekundu ni la kupimia umeme unaopita. Ukiliweka kwenye soketi ni kama umeshika waya mbili ukaziunganisha. Kwenye mita nzuri, fyuzi ya ndani inakatika na mambo yanaishia hapo. Hii haina fyuzi upande huo. Angalia." Aliifungua kwa bisibisi akanionyesha kipande cha waya mnene kilichonyooka kutoka tundu hadi tundu. "Ungeweza kufa, mama."

Alishusha mita tatu kutoka rafuni akazipanga mbele yangu. Hakunisukumia ya bei kubwa. Alinionyesha maandishi madogo pembeni mwa matundu yanayosema inahimili umeme wa kiasi gani, akanifundisha kutafuta neno la fyuzi. Alinishikisha waya nisikie unene wa mpira wake, na akanionyesha kingo za plastiki zinazozuia kidole kisiteleze hadi kwenye chuma. Moja ya zile mita ilikuwa inalia ikigusanishwa ncha zake. Alisema mlio huo utanifaa kuliko namba, kwa sababu utaniambia kama waya ni nzima au imekatika hata nikiwa sitazami kioo. Nilichagua hiyo. Haikuwa na vitufe vingi vya kuzungusha, na namba zake zilikuwa kubwa, nilizisoma bila miwani.

"Nyeusi inakaa wapi?" aliniuliza kabla hajaifunga kwenye gazeti.

"Hapa, kwenye tundu lake jeusi. Haitoki."

"Na nyekundu?"

"Hapa penye alama ya volti."

"Na lile tundu lingine?"

"Silijui."

"Vizuri. Usilijue kabisa. Anza na betri ya tochi. Ukiielewa betri, nenda kwenye redio. Soketi iwe ya mwisho, na uvae kandambili kavu."

Nilifanya kama alivyosema, na mwalimu wangu akawa mume wangu. Asubuhi, baada ya uji na sindano ambayo dawa yake niliifuata zahanati, nilisogeza meza ndogo kwenye kiti chake. Nikizungusha kitufe mahali pasipo penyewe aligonga meza kwa kidole. Nikipatia alitulia. Nilipima betri za tochi nikajifunza kuwa betri inaweza kuonekana nzima na namba ikasema imekwisha. Nilipima waya ya pasi nikasikia mlio, nikaikunja karibu na plagi mlio ukakatika, nikakata pale nikaunga. Alinishika mkono kunionyesha namna ya kuviringisha nyuzi za shaba. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi kama wa mgonjwa yeyote. Tulikuwa tumeoana miaka mingi na sikumbuki kuwahi kufundishwa kitu naye bila kelele. Sitasema nilifurahi. Nilikuwa nawaza mambo mengi, kwa nini ilibidi aanguke mferejini ndipo tukae meza moja. Lakini kila asubuhi nilisogeza ile meza.

Friji yenyewe haikuwa na ugonjwa mkubwa. Soketi ilipimwa ikatoa umeme wake wote. Nikafungua plagi, nikatoa kile kifyuzi kidogo kilicho ndani, nikakigusa huku na huku. Mita haikulia. Mume wangu alinionyesha kwa kidole sanduku la kijani, na ndani ya kopo la mafuta ya nywele nikakuta fyuzi zake. Nikaweka moja. Friji ikatetemeka, ikaguna, ikaanza kazi. Alasiri hiyo nilirudisha insulini nyumbani, na muuguzi alinishika mabega yote mawili.

Laiti mambo yangeishia hapo.

Yale maji yaliyokuwa yametuama chini ya friji yaliacha alama, na kesho yake niliamua kupiga deki jikoni. Sakafu yetu ni ya sementi iliyochimbika, maji yanakaa. Nilikuwa pekupeku. Niliposhika mlango wa friji ili nijiinue, kitu kilinipita kutoka kiganja hadi kwenye kiwiko. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama kung'atwa na siafu wengi kwa pamoja. Niliuachia mlango nikasimama nikitazama mkono wangu.

Binti yetu alipokuwa darasa la tano, kazi yake ya Jumamosi ilikuwa kupiga deki jikoni. Akaanza kukataa. Alisema friji inauma. Mimi niligusa friji mara nyingi na kandambili zangu, haikuniuma. Baba yake aliigusa na viatu vyake vya kazi, haikumwuma. Akamwambia aache uongo. Jumamosi moja nikiwa shambani, alimlazimisha akapiga deki, na mtoto alipogusa friji alipiga kelele akaangusha ndoo, maji yakaingia hadi chumbani. Alimchapa kwa mpira wa kumwagilia. Nilirudi nikamkuta amejikunja nyuma ya kibanda cha mbuzi, gauni limeshikana na mgongo. Nilimwuliza mume wangu kulikoni. Alisema, "Mvivu akikosa sababu anasingizia friji. Na wewe usimtetee." Kuanzia hapo, mbele ya ndugu na wageni, alimwita mtoto wa friji. Watu walicheka. Msichana alimaliza shule, akaenda kwa mama yake mdogo Babati kujifunza kushona, na hakurudi hata mara moja kulala chini ya bati letu.

Sasa nilivaa kandambili. Nikachukua mita, nikaweka nyeusi na nyekundu mahali pake. Nje ya dirisha la jikoni kuna bomba la chuma lililozama ardhini, la maji yanayotoka kwenye ndiva, bwawa letu la kijiji la kumwagilia. Nilipitisha waya nyeusi dirishani nikaibana na bomba. Nyekundu nikaigusisha kwenye bawaba ya mlango wa friji, mahali palipochubuka rangi.

Mia na arobaini na kitu. Namba ya mwisho ilikuwa inacheza, lakini mia na arobaini haikuondoka.

Nikachomoa plagi. Sifuri. Nikachomeka. Mia na arobaini.

Mzee wa dukani alikuwa amenieleza habari ya waya ya kijani yenye mstari wa njano. Mafundi wanaiita ethi. Umeme ukipotea njia ukaingia kwenye bati la friji, waya hiyo inauchukua na kuushusha ardhini, usimpate mtu. Mwisho wake unafungwa kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa chini nje ya nyumba. Nilizima umeme wote. Nikagusa pini ya ethi ya plagi na mwili wa friji, mita ikalia. Waya ya friji ilikuwa nzima. Nikafungua soketi, nikaiona ile ya kijani imefungwa vizuri, skrubu imekazwa. Kwa hiyo ubovu ulikuwa mbele zaidi, huko inakoelekea nje.

Nilirudi mlangoni. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake akinitazama muda wote. Nilimwonyesha namba niliyoiandika kwa mkaa ukutani.

"Hii nimeipata kwenye mlango wa friji. Ethi ya nyumba hii iko wapi?"

Kisha akaanza kujiinua. Nilimpa fimbo, nikamshika kwapa, tukatoka nje pole pole, tukazunguka kibanda cha kuni. Nyuma ya nyumba, chini ya ukuta ambao mita ya luku imekaa upande wa ndani, alisimama akaelekeza fimbo kwenye udongo. Hakutafuta wala kusitasita. Alijua pale pale.

Nilichukua jembe nikachimba. Sikufika mbali. Waya ya kijani ilikuwa imeshuka kutoka ukutani, ikaingia ardhini kiasi cha kiganja, ikaishia hapo. Mwisho wake ulikuwa umekunjwa kama mtu anavyokunja ili asijichome. Hakukuwa na fimbo ya shaba. Hakukuwa na shimo lililowahi kuwa na fimbo.

Nilimtazama. "Hukuiweka?"

"Bado," akasema.

Kwa mara ya kwanza tangu augue, neno lile lilikaa mahali pake. Lakini lilikuwa neno lake pekee. Angesema hilo hilo kama angetaka kusema niliiweka ikaibiwa, au nisamehe, au nina kiu.

"Ulijua siku ile ulipomchapa mtoto?"

"Bado."

"Ulijua au hukujua? Nipe mkono. Kama ulijua, nibane."

Nilimpa mkono wangu. Aliushika kwa ule wa kushoto, akaubana, akaulegeza, akaubana tena. Sikujua anajibu au anajishikilia asianguke. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka juu, tukaanza kulowa. Nilimrudisha ndani nikambadilisha nguo. Sikumsogezea meza siku iliyofuata, wala siku nyingine tena. Nilimpa dawa na chakula na kumwogesha kama kawaida. Hakuna aliyeweza kusema nilimtesa. Lakini yale mafunzo yalikwisha, na yeye hakuyaomba.

Jioni nilipanda hadi kwenye jiwe ambapo mtandao unashika, nikampigia binti.

"Nimepima friji," nilimwambia. "Ina umeme. Ulikuwa unasema kweli."

Nilisikia cherehani ikisimama.

"Mimi nilijua, mama," akasema. "Sikuhitaji mita."

"Baba yako hakuweka ethi."

"Amekwambia hivyo?"

"Hawezi kusema."

"Basi tuyaache." Akaniuliza kuhusu vidole vyangu, akaniuliza kama mvua zimeanza. Nilimjibu. Tulizungumza habari za mvua muda mrefu.

Fundi aliporudi kutoka Mombo nilimpeleka kwenye lile shimo. Alichuchumaa, akavuta ile waya kwa vidole viwili, akaniangalia, akaangalia dirisha la chumba alikolala mwenye nyumba. Alikuwa amemheshimu kama mkubwa wake wa kazi. Alisema tu, "Tutaweka." Alipiga fimbo ya shaba hadi ikazama, akafunga waya, na mimi nikapima: mlango wa friji ulionyesha volti moja, mbili. Halafu akafunga na swichi ile inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Tulipochomeka friji, swichi ikajikata. Tukarudia, ikajikata.

"Mashine yenyewe inavuja ndani," alisema fundi. "Haitengenezeki hii, mama. Na mtu asiidanganye hii swichi kwa kuikwepa."

Tuliisukuma nje hadi kibandani. Insulini niliihamishia kwenye chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga mbichi, kama muuguzi alivyonielekeza, pembe ya nyumba yenye kivuli. Huku kwetu juu kuna baridi ya kutosha. Ilikaa vizuri. Tungeweza kufanya hivyo tangu mwanzo.

Mume wangu alipigwa na kiharusi cha pili majira ya baridi, kitandani, alfajiri. Niliamka nikakuta pumzi yake imebadilika, na kabla sijapata mtu wa kunisaidia ilikwisha. Sikulia mpaka walipokuja wanawake wa kanisani, kisha nikalia sana, na sikujua ni kwa ajili ya nini hasa.

Binti alifika siku ya mazishi, jeneza likiwa tayari uani. Alikuwa amenenepa, amevaa viatu vya kufunika, na mume wake amemshikia begi. Watu walimpisha. Alisimama kaburini, akatupa udongo kama wengine, macho makavu. Shemeji yangu mmoja, mtu wa kusahau, alimshika bega akasema, "Mtoto wa friji amekuja kumzika baba yake," akitabasamu kwa huzuni kama anayekumbuka utani mzuri wa marehemu. Binti alimtazama. Nilitaka kusema kitu. Yeye akatangulia.

"Baba mkubwa, ile friji ilikuwa na umeme," alisema kwa sauti ya kawaida. "Mama ameipima."

Yule mzee hakujua afanye nini na uso wake. Akasema, "Ah, kumbe," akaenda kukaa na wanaume wenzake.

Binti alilala kwa jirani. Asubuhi alikuja tukakaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, tukimenya ndizi za wageni waliobaki. Nilimweleza yote, hadi ule mkono ulivyonibana na kulegeza. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Wewe unafikiri alijua?" aliniuliza.

"Nafikiri mwanzoni alisahau, au fimbo ya shaba ilikosekana, akasema ataiweka baadaye. Halafu mtu akishamchapa mtoto mbele ya Mungu, atakwendaje tena nyuma ya nyumba na nyundo? Watu wangemwona."

"Kwa hiyo ilikuwa afadhali friji iniume."

Alitupa ganda kwenye beseni.

"Angeniambia mwenyewe, labda," alisema. "Wewe ukiniambia ni habari tu, mama. Nakushukuru, lakini ni habari."

Mchana alisema wanaondoka, watoto wamewaacha na mtu. Nilimsindikiza hadi barabarani. Gari lilikuwa limeshajaa magunia ya tangawizi, wakakaa juu ya magunia. Aliniinamia, akaushika mkono wangu ule wenye kidole kisichonyooka, akakipapasa kidogo. Aliniomba niende kumtembelea Babati mavuno yakiisha. Hakusema kwamba yeye atakuja. Gari liliteremka, nikarudi nyumbani nikawakuta wanawake wanasugua masufuria makubwa ya msiba kwa majivu, nikavuta kigoda nikasugua nao.